Mabeseni ya Jumapili ya Shukrani

Ndugu zangu, mimi nimefunua beseni la sadaka nikakuta magunzi.

Si mahindi. Magunzi matupu, yamepangwa vizuri, juu yake unga kidogo wa kudanganyia macho.

Ilikuwa Februari hii, Jumapili ya shukrani, kwenye kanisa letu la wakimbizi huku Nchelenge, Zambia. Mwezi mbaya huo. Mahindi hayajakomaa, ziwa Mweru limefungwa ili samaki wazaliane, na mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa.

Lakini sisi Wakongo shukrani hatuachi. Akina mama huingia wakicheza, beseni kichwani, limefunikwa kitenge. Kitenge hakifunuliwi mbele za watu. Hufunuliwa chumba cha nyuma, na shemasi.

Shemasi ndiye mimi, Dédé.

Chumbani humo nilikuwa na Eneless, mama Mzambia muuza samaki anayesali na sisi. Nilipoona yale magunzi, damu ilinipanda.

"Mutu anamudanganya Mungu," nikasema. "Leo atajulikana."

"Lekeni, acheni, ba Dédé," Eneless akanishika mkono. "Musiipeleke kule."

Sikumsikia. Nikalibeba beseni mpaka mbele ya kanisa, kitenge kimefunuliwa, nikaliinamisha watu wote waone.

"Mwenye kuleta hii asimame."

Watu wakageuka kutazamana.

Akasimama Débora. Mke wangu.

"Ni yangu, papa Dédé. Asubuhi nilikuambia hatuna kitu. Ukasema, funika muzuri, batu basiseme diacre, shemasi muzima, iko na njala."

Jamani. Nilitamani ardhi inimeze. Ni kweli nilisema hivyo, nikinyoosha kola ya shati, wala sikugeuka kumwangalia. Yeye alihangaika kuficha aibu yangu, na mimi nikambebea aibu hiyo hadharani kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilibaki pale na beseni, sijui niliweke wapi.

Mara Kapinga, mjane anayekaa nyuma kabisa, akasimama. "Hata yangu ni hivyo tu."

Akasimama mwingine. Na mwingine. Mama mmoja alikuwa analia, kitenge mdomoni.

Nikamgeukia Mchungaji Kalumba aniokoe. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Beseni ile ya kitenge ya bluu," akasema taratibu, "ni ya nyumba yangu. Mke wangu alipanga majani ya ndizi ndani. Mimi nilikuwa naangalia."

Hapo kanisa zima likavunjika. Wengine kilio, wengine kicheko, na wengine vyote viwili.

Eneless akatoka chumba cha nyuma. "Yangu iko na unga na samaki mukavu. Tupike. Magunzi ya kuwasha moto tuko nayo mingi."

Tulikula bukari, ugali wetu, nje ya kanisa, matonge mawili matatu kila mtu. Débora alinimegea tonge lake, na hilo liliniumiza kuliko matusi.

Kabla ya kutawanyika mchungaji aliniambia niombe. Mimi ni bingwa wa sala ndefu. Siku hiyo nilisema tu, "Bwana, nyumbani kwangu hakuna chakula, na nimemuaibisha mke wangu." Hakuna aliyecheka. Naamini ndiyo sala yangu ya kwanza ya kweli tangu tuvuke mpaka.

Njaa haijaisha. Lakini sasa tunajua nani hajala, na hakuna anayelala bila kugongewa mlango.

Ndugu, unayoyaficha ili uonekane una imani, Mungu ameshayaona toka asubuhi. Wenzako ndio hawajui. Waambie.