Macho ya Mshona Kumbukumbu

Kompyuta za taa za kioo zilipoachwa na za transista zikaanza kuundwa, Yadviga Shumskaya alikuwa tayari mshonaji katika kiwanda kimoja cha kompyuta cha Minsk. Mashine ilijaza chumba kizima, lakini kumbukumbu yake ilikuwa vipete vyeusi vya sumaku, vidogo kama punje za ufuta, kila kimoja kikipitishwa nyaya kwa sindano. Ilikuwa kazi ya wanawake, ya kuinamia kioo cha kukuzia kutwa.

Miaka ikapita, macho yakaanza kumtupa. Vipete vikawa vinaungana kama uji. Shoga yake Albina, aliyekaa naye meza moja, akawa anamkagulia kazi kwa siri.

"Waambie, Yadya. Utapofuka."

"Niwaambie, halafu nyumba anipe mama yako?"

Yeye, mumewe na binti yao mwenye kifua kibovu waliishi chumba kimoja chenye kuta za kutoka maji. Kiwanda kiligawa nyumba kwa foleni ya kila idara, na kwa washonaji jina lake ndilo lililokuwa juu. Akihamishwa, anaanza mkiani.

Ukaja upimaji wa macho. Bango la kupimia lilikuwa moja nchi nzima, na nani asiyejua herufi zake kwa kichwa? Yadviga alimsomea Albina chooni, hakukosea hata moja.

Daktari akaelekeza kijiti mstari wa chini. Yadviga akatiririka, "En, Ka, I, Be, Em, Sha..."

"Yadviga Antonovna," daktari akasema taratibu, "kijiti kiko upande wa pili wa bango, wenye duara zenye pengo. Nataka uniambie duara limekatika wapi."

Hata duara hakuliona.

"Daktari, mpenzi, andika naona. Mpaka masika tu, nyumba zikigawiwa. Mtoto anakohoa."

"Na mashine ikiharibika, nifungwe mimi?"

"Mikono yangu inaona yenyewe!"

Daktari akaandika alichokiona.

Wakamhamishia chumba cha makoti, mlangoni, apokee na kutundika makoti ya wafanyakazi. Masika yalipofika, nyumba akapewa aliyemfuata kwenye foleni: Albina. Siku hiyo Albina alisimama mbele yake na koti mkononi, asilitoe.

"Sema tu," Yadviga akamwambia. "Ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne. Yadya, mimi sikuomba..."

"Ina jua?"

"Ina jua."

Yadviga akalipokea koti, akapapasa ukutani kutafuta ndoano, akaikosa, akapapasa tena.