Kengele ya Maji Kujaa

Watu walimwita Darubini kwa sababu hata msibani alikwenda nayo shingoni. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni pwani pale kisiwani na kuwaonyesha ndege, na alikuwa bingwa kwelikweli: mlio mmoja tu kwenye mikoko, anakwambia ni ndege gani, amekaa wapi na kama amekasirika. Zamani, nasema. Sasa masikio yote mawili yalikuwa karibu kufa, na aliyelijua hilo ni mtu mmoja tu, mkewe.

Mbona asiseme? Aseme afukuzwe! Nyumba ya wageni ilikuwa ya shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mwanamke asiye na mzaha hata na kikombe cha chai. Mgeni wa nyumba ya jirani alipozolewa na maji na kuponea chupuchupu, shemeji aliwakusanya wafanyakazi wote jikoni. "Mtembezaji mwenye kasoro hapeleki mtu pwani," alisema. "Na atakayesahau kengele ya maji kujaa, hata awe mdogo wangu wa tumbo moja, afunge virago." Mdogo wake wa tumbo moja, mkewe Darubini, ambaye ndiye aliyekuwa akiipiga hiyo kengele juu ya paa, alikuwa palepale anamenya vitunguu.

Basi mume akabuni ujanja. Alitembea nyuma ya wageni akizitazama shingo zao. Zikigeuka kushoto, kushoto kuna ndege, naye anainua darubini: "Yule pale!" Wakisimama wote kutazama nyumbani, kengele imelia, turudini. Ujanja ulifanya kazi, lakini usingizi aliusahau.

Siku hiyo mgeni alikuwa mmoja tu, mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya bibi, mwenye kofia pana. Darubini akamwona yuko peke yake barazani. Shingo moja! Mkewe akamfuata hadi getini, akawa anamfunga kifungo cha shati ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Sema unaumwa," alimwambia usoni kabisa, ili aisome midomo yake.

"Nitaumwa mara ngapi mwezi huu?"

Wakaenda. Bahari ilikuwa imekupwa, mchanga mgumu chini ya miguu, asubuhi safi ambayo mtu mwingine angeifurahia. Darubini akisimama, mwalimu naye anasimama na kumtazama. Akitabasamu, naye anatabasamu.

"Umemsikia huyo?" Darubini alibahatisha.

"Mzuri sana," mwalimu alijibu, macho yakirandaranda hewani.

Darubini akaielekeza darubini yake kwenye kichaka, na kwa bahati walikuwapo yangeyange wawili. Wote wakashusha pumzi.

Wakazunguka mwamba mkubwa, mahali ambapo njia ya kurudi ni kipande chembamba cha mchanga kati ya jiwe na maji. Upande wa pili vitwitwi, ndege wadogo wa pwani, walikuwa wametapakaa kwenye tope, wanadonoa na kukimbia, wanadonoa na kukimbia. Mwalimu akapiga magoti kama mtoto. Darubini akatazama maji, akatazama shingo ya mwalimu. Haikugeuka. Maji yalishaanza kulamba mawe. Akajiambia kengele bado, mama huyu angeisikia. Moyo ukakataa. Akajiambia tena.

"Kengele bado, sivyo?" aliuliza mwishowe.

Mwalimu akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Ati nini, baba?"

Wee! "Kengele!" alipiga kelele.

"Mimi nilikuwa nakungoja wewe useme!" Mwalimu akatoa mfukoni kifaa kidogo cha sikio. "Hiki kimezimika tangu jana. Wanangu wakijua hawataniruhusu tena kusafiri peke yangu."

Darubini alimshika mkono, wakakimbia. Ule mchanga haukuwapo tena. Waliingia, maji yakawa ya kiuno, kisha ya kifua. Kofia ikaenda zake. Mwalimu aliteleza akazama hadi kidevuni, na Darubini akamng'ang'ania kwapani, akimwomba Mungu kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

Ng'ambo walimkuta shemeji amekuja mbio, na watu wote wa jikoni nyuma yake. Mkewe alifika mwisho, pekupeku, viganja vimechubuka kwa kamba ya kengele.

"Hamkusikia kengele?" shemeji alifoka.

Mwalimu, akitetemeka, alitaka kumwokoa aliyemwokoa. "Hakuna kengele iliyolia," alisema. "Huyu hana kosa."

Darubini hayakumfikia maneno hayo. Aliona tu shemeji akimgeukia mdogo wake, kidole kimenyooka kuelekea getini, na mkewe amefumba mdomo, hajitetei hata kwa neno moja. Hapo akaelewa, na roho ikamuuma kuliko alipokuwa majini.

"Ilipigwa!" alisema, kwa sauti kubwa mno. "Mwache. Kiziwi ni mimi, tangu mwaka juzi, na mimi ndiye niliyemkataza asiseme."

Watu wa jikoni wakatazama chini. Shemeji alimkodolea macho, midomo yake ikasogea taratibu, labda kwa ukali, labda kwa huruma. Kwa mazoea Darubini alitaka kutabasamu na kutikisa kichwa. Badala yake akamsogelea.

"Rudia, shemeji," alisema. "Sikusikia."