Mbuzi Wangu wa Maziwa Ndio Walionilipia Ntheo

(Barua hii imetoka kwa mama mmoja wa Machakos. Jina lake na la kijiji chake tumeyaficha kama alivyoomba.)

Hamjambo wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, nina watoto watatu, na nimeishi na mume wangu karibu na Tala kwa miaka kumi na minne. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mkiona nimekoroga maneno mnisamehe.

Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa ntheo. Ni mbuzi watatu, majike wawili na dume mmoja, ambao mwanamume hupeleka kwa baba wa msichana. Hata ukimzalia watoto kumi, bila hao mbuzi wewe si mke wa mtu, ni mgeni aliyekawia kurudi kwao. Mume wangu hakuwahi kuwapeleka. Mara ni ukame, mara ni karo, mara kazi ya kuchonga mawe imepungua. Baba yangu anakaa mbali huko Kithyoko, na miaka yote hiyo hajakanyaga kwangu, maana mzee hali ugali wa mtu aliyemchukulia binti bure. Kwenye mikutano ya ukoo wenzake walimcheka. Hilo liliniuma kuliko kitu chochote.

Mbuzi wa maziwa nilianza mwenyewe. Niliuza cherehani yangu nikanunua jike mmoja chotara. Mashimo ya nguzo nilichimba kwa mikono hii, nikapigilia sakafu ya mabanzi juu ya hizo nguzo ili mavi yaanguke chini na mbuzi walale pakavu. Mume wangu alikuwa akipita na kuuliza kama najenga hoteli. Nikapanda majani ya napia kando ya shamba. Jike akazaa jike, baadaye akazaa dume, na huyo dume alipokua nilimjengea mbali, kwa sababu uvundo wake huingia kwenye maziwa. Majirani walisema maziwa ya mbuzi ni ya wagonjwa. Haukupita muda, akina mama ambao watoto wao hawapatani na maziwa ya ng'ombe wakawa wananingoja mlangoni na chupa kabla sijamaliza kukamua.

Sasa nieleze kosa langu, maana nami ninalo. Kila nilipoenda kumsalimia baba, nilimwambia mume wangu ndiye aliyejenga banda na kununua mbuzi. Nilitaka mzee asimchukie. Nilimsifu mtu ambaye hajawahi kukata hata konzi moja ya majani.

Mwezi uliopita nilienda semina ya akina mama wa kanisa, siku mbili. Niliporudi mchana nilikuta banda tupu. Nilipiga kelele nikidhani ni wezi. Mume wangu alikuwa ameketi kwa kiti akinywa chai.

"Mama Mwende, wacha kelele," akasema. "Mbuzi nimepeleka kwenu na pikapu. Mimi na wazee wangu. Si ni wewe umekuwa ukinisumbua na maneno ya ntheo? Sasa imeisha. Wewe ni bibi yangu kabisa."

"Hao mbuzi ni wangu!"

"Wako aje? Si walikuwa kwa boma yangu?"

Miaka kumi na minne nimengoja siku hiyo, na imefanyika nikiwa sipo, kwa mali yangu, bila hata kuulizwa.

Nikaenda Kithyoko nikiwa nimeamua kusema yote. Baba hana simu, kwa hivyo sikutuma neno, nilifika ghafla. Baba huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nina jina la mamake. Aliniona kwa mbali akaja mbio, mzee wa miaka sabini, fimbo mkononi.

"Mwaitu! Kuja uone! Bwana yako ni mtu! Nilikuwa nikimwongelea vibaya na kumbe ni mtu! Hiyo dume tulichinja, wazee wakakula mpaka wakanyamaza. Na hizi mbili, aiya, ziko na maziwa kama ng'ombe!"

Yule jike wa kwanza aliposikia sauti yangu alikata kamba akanijia, akaanza kulamba mkono wangu. Baba akacheka mpaka akakohoa. "Unaona? Hata mbuzi inajua hapa ni kwenu." Niliona kiwele cha mbuzi kimevimba upande mmoja, maana baba hajui kukamua maziwa yote. Niliomba maji ya moto, nikanawa mikono, nikamkamua mbuzi wangu kwenye sufuria ya baba yangu, na sikusema neno. Jioni mzee aliniambia Jumapili ya mwisho wa mwezi huu anakuja kula kwangu kwa mara ya kwanza.

Wasomaji, mume wangu sasa anasema niombe chama chetu cha akina mama wa kanisa kininunulie mbuzi wengine, eti mimi ndiye najua kufuga. Nikimwambia baba ukweli, atawarudisha mbuzi wawili waliobaki hata kama ni kwa miguu, namjua. Nitapata maziwa yangu, lakini nitakuwa nimerudi kuwa mgeni katika nyumba hii, na baba atarudi kuchekwa, tena safari hii kwa kula mbuzi wa binti yake mwenyewe. Nikinyamaza, Jumapili nitapika kuku, nimpe mume wangu kiti cha heshima, halafu nisikie baba yangu akimshukuru kwa jasho langu.

Zimebaki siku tisa. Mlioolewa na mlio na wazazi, niambieni, mzee akishaosha mikono na kuanza kumsifu, mimi nifungue mdomo au nipakue chakula?