Ekzosi Aliyoichagua Kadzo

Mlio wa ndege ya mjomba ulikuwa kama nyigu waliofungiwa ndani ya debe. Juzi niliusikia tena pale Matsangoni, mtu akikata mnazi kwa msumeno wa petroli, na mara nikawa mtoto uani kwa mjomba, kule kijijini Tezo.

Mjomba alikuwa na ndege ndogo ya petroli, ya kurusha kwa rimoti, urefu wake kama mbuzi. Ekzosi yake, lile bomba la kutolea moshi, ilipopasuka alileta mbili: fupi inayong'aa na ndefu nyeusi. Akaziweka mkekani mbele ya binamu yangu Kadzo.

"Mama, chagua."

Kadzo alipewa jina la nyanya yetu, mamake mjomba, kwa hivyo mjomba alimwita mama na kumuuliza kila kitu, hata kuku wa kuchinjwa. Jina langu lilitoka upande wa baba. Pale halikuwa na kazi.

"Hii inayong'aa."

"Hiyo itapiga kelele hadi kuku waache kutaga," nikasema.

"Kwani wewe umeulizwa?" Kadzo akanirudi.

Mjomba akacheka, akaifunga ile fupi. Mimi nilidhani mwenye kuchagua ekzosi ndiye mwenye ndege. Leo najua alikuwa ameshazijaribu kwenye injini, na zote mbili zilifaa. Alichompa Kadzo ni heshima tu, nami hiyohiyo ndiyo niliyoitaka.

Walipokwenda kuirusha, niliichukua ile ndefu hadi nyuma ya jiko. Nikaitia mdomoni, ya baridi, yanuka mafuta, nikanong'ona ndani yake kwa sauti nzito ya mjomba: "Mama, chagua."