Siyo ya Mama Nashoni

Nyamizi Ngolo alisema siyo. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake, nikamsikia, na kila mjumbe wa Kamati ya Mfereji alimsikia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililokuja kukanwa kwenye maandishi.

Sisi tunamwita Mama Nashoni. Alifika Usangu akiwa binti mdogo, wazazi wake wakiswaga ng'ombe kutoka Usukumani, na amezeekea hapa hapa. Ana ng'ombe na ana majaruba mawili ya mpunga, kwa hiyo wafugaji walipotakiwa kutoa mjumbe mmoja kwenye kamati yetu ya watu kumi na tatu, walimtoa yeye. Ni mama wa maneno machache. Kwenye kikao husikiliza mpaka mwisho, na akisema jambo amelisema.

Mwezi wa saba mwenyekiti wetu, Mzee Andendekisye, alileta hoja ya kufunga njia ya ng'ombe inayoshuka mferejini, kwa kuwa mifugo inabomoa kingo. Mimi ni mkulima. Niliiafiki na sijutii. Mama Nashoni aliomba tujenge kwanza birika la kunyweshea, ndipo tufunge. Hakujibiwa. Mwenyekiti wetu anapenda kuendesha kikao kama anavyosikia Bunge redioni, basi akasimama, akakohoa, akasema, "Wanaoafiki waseme ndiyo."

Tukasema.

"Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo!" akasema Mama Nashoni, peke yake, kwa sauti ile ile anayoitia ng'ombe.

"Walioafiki wameshinda."

Mpaka hapo hakuna ubaya. Alishindwa kwa kura, na mwenyewe alilikubali hilo, akanywa chai na sisi. Ubaya ulikuja wiki iliyofuata, tangazo lilipobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: wajumbe wote kumi na tatu wameridhia kwa kauli moja njia ifungwe. Chini yake majina yetu. La kwake lilikuwa la nane.

Mdogo wake, Nkuba, alilisoma, akaenda moja kwa moja mpaka kwake. Hata kiti hakukubali.

"Dada, hata wewe? Tulikutuma ukatuzibie maji?"

"Nilikataa, Nkuba."

"Sasa jina lako linafanya nini pale?"

Mwezi ule ule ukoo ulikaa kupanga harusi ya binti wa Nkuba, na shangazi mtu hakuitwa. Aliwaona watu wakipita na viti kichwani kwenda kwa mdogo wake, yeye akabaki kwenye majaruba anang'oa magugu.

Kikao kilichofuata, katibu wetu Yusta alisoma muhtasari. Mama Nashoni akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, hapo si kweli. Mimi nilisema siyo."

"Mama, hayo ni yatokanayo. Tuthibitishe muhtasari kwanza, utasema baadaye."

Tukathibitisha. Mkono wangu nao ulikuwa juu, Mungu anisamehe. Tulipofika kwenye yatokanayo, akasimama tena. Mzee Andendekisye akatabasamu.

"Muhtasari umeshathibitishwa, mama. Ukishathibitishwa haufunguliwi. Ndio utaratibu."

Kuna waliocheka. Nimeona watu wakinyang'anywa mashamba, nimeona watu wakipigwa, lakini siku ile nilimwona mtu mzima akinyang'anywa neno lililotoka kinywani mwake, mchana kweupe, mbele ya watu waliolisikia. Na sote tukaiita kazi hiyo utaratibu!

Hakunywa chai. Alikuja nyumbani kwangu, akasimama mlangoni.

"Baba Tekla, wajumbe wa zamani mlipewa katiba ya umoja wa mfereji. Naomba niisome."

Nakala yangu ilikuwa imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Niliichomoa kwa aibu, nikaipangusa vumbi. Akakaa kwenye kigoda, kidole kwenye mstari, akasoma polepole mpaka ibara ya kumi na tisa. Pale paliandikwa kwamba mjumbe yeyote akidai, kura zitahesabiwa kwa mikono. Na kwamba muhtasari uliokosewa utasahihishwa wakati wowote, mradi hoja iungwe mkono na iafikiwe na walio wengi.

"Kumbe Mzee Andendekisye alijua?" akaniuliza.

"Hajui, mama. Hakuna aliyewahi kuisoma. Hata mwenyekiti."

Akaikunja ile karatasi. "Basi hiyo ni mbaya zaidi," akasema, akaondoka nayo.

Kikao cha mwezi wa tisa alisimama kabla chai haijachemka. "Natoa hoja muhtasari wa mwezi wa saba usahihishwe. Ibara ya kumi na tisa."

Mwenyekiti aliipokea ile karatasi, akaisoma, uso ukabadilika. "Kuna anayeunga mkono?" akauliza haraka haraka. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Akafungua mdomo atangaze kwamba hoja imeanguka.

"Naunga mkono."

Alikuwa Muhidini, mjumbe mwenzetu, mfanyabiashara wa mchele mwenye nyumba Mbeya mjini na mashamba huku kwetu. "Ile njia nilitaka ifungwe, na mkiileta leo nitasema ndiyo tena," akasema. "Lakini huyu mama alikataa, na mimi nilimsikia. Hapa kuna ambaye hakusikia?"

"Wanaoafiki waseme..." alianza mwenyekiti.

"Mikono," akasema Mama Nashoni.

Yusta alihesabu. Saba waliafiki, watatu walipinga, wawili hawakuinua popote; mwenyekiti hapigi kura. Mkono wa saba ulikuwa wangu, na ulichelewa, sijisifii. Kisha Yusta akashika kalamu, akakata "kwa kauli moja" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: kumi na mmoja waliafiki, mmoja, Nyamizi Ngolo, hakuafiki. Bila kuinua kichwa akasema, "Mwenyekiti aliniambia niandike vile. Eti inasomeka vizuri ikifika wilayani." Mzee Andendekisye hakumkanusha. Alitia saini.

Mama Nashoni akadai tangazo jipya libandikwe kwenye ubao ule ule, na likabandikwa.

Njia bado imefungwa. Ng'ombe wake wanatembea mwendo mrefu mpaka mtoni, na hoja ya birika imewekwa kwenye ajenda ya mwezi ujao. Safari hii nimejiandikisha mimi kuiunga mkono.

Siku tatu baada ya tangazo, Nkuba alikuja kwa dada yake na kuku mkononi. Nilikuwa pale, nimefuata jembe langu.

"Dada, nimesoma."

"Umesoma nini?"

"Kwamba ulikataa."

"Mimi nilikwambia kwa mdomo wangu, Nkuba. Hukusikia. Umengoja mpaka Yusta aandike."

Nkuba akainamisha kichwa. Mama Nashoni hakumpokea yule kuku, wala hakumfukuza mdogo wake. Alimwonyesha kigoda, akaingia ndani kuchota maji ya kunywa, na huko ndani nilimsikia bado anamsema.