Mbwa wa Memsabu na Leso Iliyofuliwa Mara Saba

Hapana, hakumng'ata. Nilimwambia mama hivyo asubuhi, nikamwambia tena adhuhuri, na alasiri ile, yeye amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nilikuwa namwambia kwa mara ya tatu.

"Kama hakumng'ata," mama akasema bila kuinua kichwa, "mbona bibi wa watu kafua leso yake mara saba?"

Hapo ndipo kila mtu aliponikwamisha. Mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu mzima hasimami kisimani akasugua leso kwa udongo mbele ya watu bila sababu. Wanawake waliokuja kuteka maji walihesabu. Ilipofika ya tano wakaacha kuzungumza, ilipofika ya saba wakatazamana, na kabla mitungi yao haijajaa, habari ilikuwa imeshaenea mji mzima: bibi kaumwa na mbwa wa memsabu.

"Mama, mbwa akikulamba tu unafua mara saba. Umenifundisha mwenyewe."

"Nimekufundisha najisi. Sikukufundisha kumtetea mbwa."

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimerudi kutoka shule ya sekondari Mombasa, nangoja majibu ya mtihani, na subira sikuwa nayo hata ya kungoja chai ipoe. Lakini siku ile haraka yangu ilikuwa na sababu. Chifu alikuwa ameleta habari kwamba kesho yake, kabla ya adhuhuri, askari angekuja kutoka bomani Kwale na bunduki, ampige risasi yule mbwa.

Mbwa alikuwa wa memsabu mmoja mwenye nyumba Diani, karibu na bahari, na mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyemtunzia bustani. Mwaka ule memsabu alikwenda kwao Ulaya kutibiwa macho, akamwachia mjomba nyumba, funguo na mbwa. Wenyewe wanaiita aina ile Doberman. Mweusi, miguu mirefu, kiuno chembamba, na kahawia kidogo juu ya macho na kifuani utadhani kapakwa hina. Masikio yamekatwa yakasimama kama pembe. Mkia nao umekatwa, kimebaki kigutu.

Sisi si wageni wa mbwa. Mashambani wapo, wanafukuza nguruwe na nyani wasimalize mihogo. Mbwa wa kwetu unamsoma kwa mbali: mkia ukitikisika amefurahi, ukiingia baina ya miguu anaogopa, masikio yakilala nyuma jihadhari. Huyu walimkata vyote anavyosemea. Akifurahi hana cha kutikisa. Akiogopa hana cha kuficha. Watu walimwona na uso mmoja tu asubuhi mpaka jioni, na uso wenyewe ni wa askari.

Halafu zikaja habari za bara. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na watu waliotoka huko juu kuja kukata miwa Ramisi walisimulia juu ya mbwa wa polisi wanaonusa watu msituni. Mbwa hao hatukuwaona. Tulimwona huyu, tukamvika sifa zao zote.

Na aliyemtangaza kuliko wote alikuwa mjomba. Kila aliyepita getini alimwambia, "Usisogee hapo, bwana. Juzi kamrarua mtu suruali." Mtu gani? Suruali gani? Havikuwapo. Lakini minazi ya memsabu haikuguswa dafu hata moja. Mjomba alijua kwamba sifa ya mbwa inalinda nyumba kuliko mbwa.

Mimi pia nilimwamini. Mjomba aliposhikwa na homa akawa hatoki kitandani, nikatumwa mimi kupeleka chakula cha mbwa, na siku ya kwanza nililia njiani. Mama alinipa kaniki kuukuu nijifunge nikifika, nikiondoka niitundike kwenye ua wa memsabu, isije ikaingia nyumbani kwetu. Nikafika, nikasukuma sufuria ya ugali na vichwa vya samaki kwa ufito, nikarudi nyuma mbio. Mbwa hakula. Alinitazama mimi, akatazama sufuria, akanitazama tena. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nilichoka, maana jua lilikuwa kali na sufuria ya jana ilikuwa imejaa siafu. Nikakaa juu ya jiwe nikamwambia, "Ule, usile, shauri yako, mimi nimekaa." Akala yote. Kumbe alikuwa hapendi kula peke yake.

Alipomaliza akaja taratibu, akageuka ubavu, akaniegemea. Basi. Ndiyo ilikuwa tabia yake kubwa. Akikupenda anakuja kukuegemea kwa uzito wake wote, kama mtu aliyechoka akipata ukuta. Ni mzito, na usipojikaza anakuangusha. Nilikaa nimekauka kwa hofu, nikikumbuka mafunzo ya chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani: kavu kwa kavu hakuna najisi. Nikamwacha aegemee.

Baada ya wiki mbili nilikuwa namjua. Alikuwa akiogopa kuku. Kuku mmoja wa mjomba alikuwa na vifaranga nyuma ya tangi la maji, na mnyama yule aliyetisha watu mpaka Msambweni alikuwa akizunguka mbali ili asipite karibu na kuku yule. Siku moja kuku alimfukuza mpaka barazani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomsimulia mjomba, akanisihi kwa macho yake mekundu ya homa, "Mwanangu, hilo usimwambie mtu."

Mjomba ndiye aliyenieleza alivyosikia kwa memsabu, kwamba mbwa wa aina ile walianzishwa na Mjerumani mmoja mkusanya kodi, ili awe na mtu wa kutembea naye. Nikamwambia mama nikidhani atamhurumia. Mama akasema, "Mkusanya kodi! Sasa unaniambia mbwa huyu ni mwema?"

Sasa, siku ya mkasa, siku tatu nyuma. Kuna bibi mmoja jirani yetu, mjane, kazi yake kusuka makuti. Mjomba alimruhusu kuokota makuti yanayoanguka nje ya ua wa memsabu, na bibi huyaroweka baharini yalainike. Asubuhi ile alikuwa anatoka pwani na mzigo kichwani, leso imelowa mpaka magotini. Mimi nilikuwa ndani nasafisha sufuria, na geti nililiacha wazi. Mimi, si mwingine. Sikulisukuma mpaka komeo likashika, kwa sababu ya haraka zangu zile zile.

Mbwa akatoka. Hakukimbia, hakubweka. Alimwendea bibi, akageuka ubavu, akamwegemea. Bibi akaenda chini pamoja na makuti yake, akapiga ukelele uliosikika mpaka upande wa pili wa barabara. Mbwa naye, kwa kutaka kujua kumetokea nini, akamlamba mguuni, na leso, na mkono. Mimi nilifika hapo hapo. Hakukuwa na damu. Hakukuwa hata na mkwaruzo, ila bibi aliangukia nyonga. Akainuka akinitukana mimi, mbwa, na memsabu huko huko Ulaya, akaenda moja kwa moja kisimani. Maji ya bahari, mate ya mbwa, leso iliyolowa: afanyeje? Akafua mara saba, kama dini inavyotaka. Na kufua kwake ndiko kukawa ushahidi wa meno.

Nilimwambia kila mtu nilichokiona. Lakini kati ya neno la msichana mmoja na leso iliyofuliwa mara saba, watu huamini leso. Na la geti sikumwambia mtu.

Basi alasiri ile nilimwacha mama na nazi yake nikamwendea mjomba. Homa ilikuwa inampungua, amejifunika shuka, anakunywa maji ya ndimu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya mbwa."

"Mwambie chifu ukweli. Mwambie hajawahi kumrarua mtu suruali."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Nikisema mbwa ni mpole, wiki hii hii watu watabeba mpaka milango ya memsabu. Nikisema ni mkali, anapigwa risasi. Hebu niambie wewe uliyesoma, nichague lipi?"

"Achaguliwe mbwa."

"Aa, mbwa hatalima bustani nikifukuzwa mimi."

Nikatoka bila hata kuaga vizuri, jambo ambalo kwetu ni aibu, nikaenda kwa bibi msuka makuti.

Nilimkuta amelala kitandani barazani, amevaa leso mpya, amezungukwa na mabakuli. Uji wa mchele, mkate wa mofa, sahani ya samaki wa kupaka iliyofunikwa kawa. Wanawake wawili walikuwa wanaaga. Nikangoja waishe kumwombea afya, kila mmoja mara tatu, na mimi miguu inaniwasha kama nimekanyaga upupu. Walipoondoka nikasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniona mgonjwa, au umetumwa na mbwa?"

"Bibi, wewe unajua hakukung'ata."

"Kwani mimi nimesema kaning'ata?"

"Hukusema hakukung'ata."

"Sijaulizwa." Akachukua kipande cha mkate, akakichovya kwenye uji. "Wamekuja, wamenipa pole, wamelia. Wewe ungewakatiza?"

"Kesho atauawa, bibi!"

Akakirudisha kipande cha mkate sahanini. Halafu akasema, si kwa hasira, "Tangu mwanangu alipoolewa Kibuyuni, unajua ni watu wangapi waliopiga hodi hapa? Wanapita na ndoo zao, wananisalimu wakiwa njiani. Siku tatu hizi sijapika. Jana wamekaa hapa mpaka magharibi, tumecheka, mmoja kanisuka nywele. Kwa sababu ya kulambwa na mbwa." Akacheka mwenyewe, mpaka akashika nyonga. "Laiti ningejua, ningemwendea zamani."

Nilitaka kuudhika. Nilikuwa nimekuja tayari nimeudhika. Lakini nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe, kwa muda wote niliokuwa nyumbani tangu nitoke Mombasa, nilikuwa sijaketi kwake hata mara moja. Nilikuwa nikimsalimu nikiwa njiani.

Nikaketi. Nikamwambia lile la geti, kwa mara ya kwanza kumwambia mtu. Akanitazama sana.

"Kumbe ni wewe uliyeniangusha."

"Ni mimi, bibi. Nisamehe."

"Mbwa apigwe risasi kwa geti lako."

"Ndiyo maana nimekuja."

Akafunika bakuli. "Watakaponiuliza chifu na wanaume wake, nitawaonyesha nini? Mguu? Mguu wangu hajauona mwanamume tangu afe mume wangu, Mungu amrehemu, na chifu hatakuwa wa kwanza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku tatu nzima hakuna aliyedai kuliona jeraha. Wanaume wasingethubutu kuuliza, na wanawake waliona leso, ikawatosha. Kidonda cha mwanamke mzee hakikuhitaji kuonekana ili kiwepo.

"Mke wa chifu," nikasema. "Atakuangalia ndani, mlango umefungwa. Akisema mguu ni mzima, chifu atabisha na mkewe?"

Bibi akafikiri. "Yule mke wa chifu hubishani naye," akakubali. Kisha akaninyooshea kidole. "Nitakwenda. Lakini nikirudi, hawa wote watakuwa wameondoka na mabakuli yao. Wewe utakuja kusuka makuti na mimi kila Jumamosi mpaka uitwe huko utakakoitwa. Na utasuka kweli, usinipe yale ya kupitisha mvua."

Kusuka makuti ni kazi ya subira, na kila mtu alijua mimi sina. Nikakubali. Nilipokubali nilijisikia mwepesi, ajabu.

Nilirudi kwa mjomba nikamweleza yote, pamoja na geti. Akajifuta jasho la homa kwa ncha ya shuka. "Na nyumba?" akauliza.

"Chifu atajua kuwa hakumng'ata bibi. Hatasikia kutoka kwangu kwamba anaogopa kuku."

Mjomba akajaribu asicheke, akashindwa, akakohoa. "Mimi ni mgonjwa," akasema, akijifunika shuka mpaka kidevuni. "Kesho sitajua nani katoka wala nani kaingia. Baiskeli yangu iko nyuma ya jiko. Breki ya nyuma haishiki."

Nilikwenda kumpa mbwa chakula chake. Nikajifunga kaniki, nikakaa juu ya jiwe langu, akala, akaja akaniegemea. Nikamwambia mpango wangu wote, maana nilitaka kuusikia kwa sauti. Nikilala ningelala nguo zangu za shule zikiwa tayari kando ya kichwa. Nikishaswali alfajiri nisingemngoja mama aamke kunikataza: ningetoa baiskeli nyuma ya jiko, nimfuate bibi kabla hawajaanza kumletea uji, nimkalishe kwenye keria na mto chini ya nyonga yake, nimsukume barabarani mpaka kwa chifu, nipige hodi mlango wa uani kwa mkewe, na nisiondoke pale mpaka yule askari wa bunduki ameambiwa arudi Kwale.