Kengele ya Bhoke

Juzi nilipita Nyamwaga nikaona rimu ya lori ingali inaning'inia kwenye mkaratusi wa shule yetu. Ndiyo iliyokuwa kengele yetu ya kuitia uji, na harufu ya uji wa mtama ikanirudia puani.

Mpiga kengele wetu alikuwa rafiki yangu Bhoke. Alifukiwa ndani ya duara, shimo la wachimba dhahabu, alipokuwa akimpelekea baba yake maji. Alizikwa, na kesho yake nyundo zikaanza tena kulia mlimani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mchana ule mwalimu alinipa mimi nondo ya kugongea rimu. Sisi watoto hatukupelekwa mazikoni, hivyo niliamini Bhoke bado yuko duarani na ataisikia rimu yake. Nikagonga, nikagonga, bila kupumzika. Nyundo za mlimani zikanyamaza. Mara wachimbaji wakaja mbio, wamejaa vumbi jekundu, sururu na makoleo mikononi.

"Duara la nani limeanguka?" mzee mmoja aliuliza akihema.

"Hapana, baba. Namwita Bhoke."

Nilijua nitachapwa. Mzee yule akavua kofia, akaipokea nondo, akagonga mara moja, akampa mwenzake. Wakapokezana hivyo hadi wa mwisho.

Nilivimba kichwa: mlima mzima umemwitikia Bhoke! Leo najua kwamba machimboni chuma kikigongwa mfululizo, ni ishara kwamba watu wamefukiwa. Walikuja kwa kukosea. Lakini kila aliyeishika nondo ile alijua anamgongea nani, na mpaka leo najivuna.